Batumbula, Banyama na Nyumba ya Mizimu: Nani Aliona kwa Macho Yake?



Safari hii kikundi chetu kinaandika juu ya jambo ambalo kila mtu hapa Kafutuma amelisikia, lakini ukimuuliza anakwambia, "Mimi sijui bwana, nilisikia tu." Ni habari ya batumbula. Wenyeji wetu wa huku Zambia wanawaita banyama. Tanzania utasikia mumiani au chinjachinja. Kenya wazee walisema wazimamoto, Uganda wakasema bazimyamwoto. Majina ni mengi lakini hadithi ni moja: kuna watu wanatembea usiku, wanakamata binadamu, wanachukua damu yake au nyama yake, na nyuma yao kuna mkubwa anayewalipa.

Hatuandiki ili kutishana, wala ili kuwacheka wazee. Tunaandika kwa sababu hadithi hii ina historia, na historia hiyo imepita hapa hapa, kando ya ziwa Mweru na ng'ambo ya Luapula tulikotoka sisi. Tena tunaandika kwa sababu hofu ya namna hii ikiamka, mtu wa kwanza kushukiwa ni mgeni. Na wageni hapa ni sisi.

HADITHI YENYEWE

Upande wa Zambia, enzi ile ikiitwa Northern Rhodesia, hofu ya banyama ilisambaa sana kuanzia miaka ya 1930. Mwanahistoria Mzambia, Mwelwa Musambachime, aliifanyia utafiti na mwaka 1988 akachapisha makala juu ya uvumi huo kati ya mwaka 1930 na 1964, yaani mpaka nchi inapata uhuru. Musambachime si mtu wa mbali na sisi. Kazi yake kubwa ilikuwa juu ya uvuvi wa Mweru na Luapula.

Watu walisema banyama ni Waafrika waliotumwa na wazungu. Eti wana dawa ya kumlegeza mtu, anapoteza sauti na nguvu, anafuata tu kama mbuzi. Basi maisha yakabadilika. Milango ikafungwa mapema. Watu wakaogopa kutembea peke yao. Mgeni akifika jioni kijijini anaangaliwa mikono na mfuko wake kwanza, salamu baadaye.

Upande wa Katanga hadithi ilikuwa na sura yake. Batumbula wanamkamata mtu, wanamfanya asahau jina lake na kwao, wanamlisha mpaka ananenepa, halafu anakuwa chakula katika karamu za wazungu. Wengi wetu tulitishwa na habari hii tukiwa watoto: "Usipite kule jioni, batumbula watakubeba." Neno lenyewe linakaribiana na kutumbua, kupasua kitu mpaka kilicho ndani kinatoka nje.

Mwaka 2000 mwanahistoria Mmarekani, Luise White, alitoa kitabu kizima juu ya hadithi hizi, kutoka Nairobi na Kampala mpaka Katanga na Northern Rhodesia. Jambo moja linaonekana wazi ukizipanga pamoja: hadithi inavaa nguo za mahali ilipo. Nairobi, wanyonya damu ni watu wa gari la zimamoto. Kaskazini mwa Zambia, kwa sehemu fulani walioshukiwa ni mapadri, wale White Fathers. Huku kwetu Katanga ni wazungu na watumishi wao. Pale ambapo kuna mtu mwenye nguvu ambaye kazi yake haieleweki, ndipo hadithi inapoketi.

KWA NINI WATU WALIAMINI?

Hapa tusiwe na haraka. Kuna vijana wakisikia habari hizi wanasema, "Wazee walikuwa wajinga." Hapana. Wazee walikuwa na sababu.

Kwanza, watu walikuwa wamekamatwa kweli. Mwaka 1867 David Livingstone alipofika ziwa Mweru, alipita katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye vita. Mwaka huo huo mfanyabiashara Tippu Tip alikuwa amempiga Nsama, chifu wa Watabwa, na kuchukua pembe nyingi za ndovu. Njia za pembe zilikuwa pia njia za watumwa. Kwa hiyo mzee wa mwaka 1930 alikuwa na bibi au babu aliyeona watu wakifungwa kamba na kupelekwa wasikorudi. Kwake yeye, "kuna watu wanakamata watu" ilikuwa habari ya familia.

Pili, damu ilichukuliwa kweli. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, uliingia nchi hizi. Uganda, kando ya ziwa Victoria, uliua watu zaidi ya 200,000 kati ya mwaka 1900 na 1920. Ulipofika Luapula na Mweru, serikali ya kampuni ya British South Africa iliogopa. Madaktari walipita vijijini, wakapapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba, wakachoma sindano, wakachukua maji ya tezi na damu kuangalia kwenye darubini. Nani aliwaeleza watu damu ile inaenda wapi?

Tena haikuishia kwenye sindano. Kabla na karibu na mwaka 1910 vijiji vya kando ya Luapula na ziwa vilihamishwa kwa amri. Watu waliondolewa kwenye maji yao, samaki wao na makaburi yao, wakazuiliwa kuvuka kwenda Kongo kuona ndugu. Musambachime ameandika juu ya hasara hiyo pia, kati ya mwaka 1906 na 1922. Sisi tuliokimbia tunaelewa bila kuelezwa sana. Mtu akikuhamisha kwa nguvu leo, kesho akija na sindano, utamwamini?

Tatu, kazi ilimeza watu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 na ilihitaji mikono. Waandikishaji walipita pande zote mbili za Luapula kuchukua wanaume wa kwenda mgodini Katanga. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi, na barua haikuja. Sasa mama aliyebaki kijijini, mtoto wake amebebwa na gari na hajulikani alipo, aseme nini? Kwamba ameliwa. Kwa maana moja hakukosea.

Kwa hiyo hadithi ya banyama ilibeba ukweli fulani: wakubwa walikuwa wanachukua miili ya watu, nguvu zao na damu yao, bila kuomba na bila kueleza.

LAKINI JE, ILITOKEA?

Hapo ndipo wengi wanasimama. Wanasema, "Sasa si mmekubali kwamba ilikuwa kweli?" Hapana, ndugu. Kuna maswali mawili hapa, na kila moja lina jibu lake. Swali la kwanza: kwa nini watu waliamini? Swali la pili: je, jambo lilitokea kama linavyosemwa? Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuogopa na bado kitu anachokiogopa kisiwepo.

Tuangalie swali la pili kwa utulivu. Uvumi wa banyama ulidumu zaidi ya miaka 30 kwenye nchi nzima. Kama kweli kungekuwa na kundi linalofanya kazi hiyo miaka yote hiyo, lingeacha alama. Kungekuwa na majina ya waliopotea, kijiji kwa kijiji. Kungekuwa na mtumishi mmoja aliyegombana na bwana wake akatoka kusema. Kungekuwa na vyombo, mahali, daftari. Badala yake kinachobaki ni maneno, na maneno yenyewe yana tabia moja: yalitokea kijiji cha pili. Aliyekamatwa ni shemeji wa rafiki wa jirani. Ukienda kijiji cha pili, wanakuonyesha cha tatu.

Angalia pia hili. Hadithi moja ikitokea kila mahali na mkosaji tofauti kila mahali, leo zimamoto, kesho padri, kesho kutwa daktari, basi hiyo ni hadithi inayosafiri. Mwizi wa kweli hana sura kumi.

GHARAMA YAKE

Mtu atasema, "Lakini kuna ubaya gani kuamini? Si tunajilinda tu?" Tuhesabu.

Mwaka 1959 Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizaa ghasia, watu wakapambana na polisi na damu ikamwagika.

Mwaka 2016, mwezi wa nne, Lusaka. Watu walikuwa wameuawa na miili yao kukutwa na viungo vimekatwa. Hayo yalikuwa mauaji ya kweli. Lakini kabla ya ushahidi kukusanywa, maneno yakapita mitaani kwamba ni Wanyarwanda. Maduka ya Wanyarwanda na wageni wengine yakavunjwa na kuporwa, familia zikakimbilia kwa polisi. Watu wawili walichomwa moto wakiwa hai. Baadaye ikajulikana kwamba wote wawili walikuwa Wazambia.

Mwaka 2017 Malawi ya kusini, uvumi wa wanyonya damu uliua watu kadhaa mikononi mwa umati. Umoja wa Mataifa uliondoa wafanyakazi wake wilaya za Mulanje na Phalombe. Fikirini maana yake: gari la chakula na dawa halifiki, kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Mwanzoni mwa mwaka 2020, hapa Zambia. Ilianza Copperbelt: eti kuna watu wanapuliza gesi kwenye nyumba usiku, watu wanazimia, wanachukuliwa damu. Ndani ya wiki chache ikafika mikoa mingi. Watu walikesha na mapanga na moto. Zaidi ya watu 40 waliuawa na umati. Waliouawa walikuwa nani? Mara nyingi ni mtu aliyepita mahali asipojulikana, au mgonjwa wa akili ambaye hakuweza kujieleza. Mtu tu ambaye lugha yake haikufanana na ya waliomzunguka.

Sisi tunasema Kiswahili njiani usiku. Tuelewane hapo.

NYUMBA YENYE MIZIMU

Sasa tutoke kwa banyama twende kwa mizimu, kwa sababu kanuni ni ile ile.

Nchi za Ulaya na Marekani kuna watu ambao kazi yao ya jioni ni kuwinda mizimu. Wanaingia nyumba za zamani na mita za umeme, kinasa sauti na kamera za usiku. Mita ikiruka wanasema, "Yuko hapa!" Lakini mita ile inapima umeme wa nyaya na simu, haipimi marehemu. Chombo kizuri kwenye mkono wa mtu aliyekwisha kuamua jibu kinakuwa hirizi tu.

Wapo waliouliza vizuri zaidi. Mwaka 1921 daktari wa macho Mmarekani, William Wilmer, aliandika habari ya familia moja iliyohamia nyumba kubwa ya zamani mwaka 1912. Wakaanza kusikia hatua za miguu usiku, kengele, kuhisi mtu anawatazama. Wengine waliona watu wasiokuwepo. Watoto walikuwa wamepauka, vichwa vinauma, hata maua ya ndani yalikufa. Maua kufa, hiyo ni alama. Hofu haiui maua. Ilipoangaliwa, tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu na moshi wake ulikuwa unaingia ndani, pamoja na ile gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Tanuri likatengenezwa. "Mizimu" ikahama.

Kwa nini tunawaeleza habari ya nyumba ya Marekani? Kwa sababu gesi hiyo hiyo inatoka kwenye mbabula zetu. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba watu wanaingiza mbabula ya makala ndani, wanafunga mlango, wanaziba kila tundu kwa bashi, wanalala. Usiku mtu anahisi kichwa kizito, kifua kinabanwa, miguu haina nguvu, anaona vitu. Asubuhi watu wanasema ni mizimu au ni uchawi wa jirani. Jirani anachukiwa bure, na usiku unaofuata mbabula inaingizwa tena. Hiyo inaua, ndugu. Mbabula ibaki nje. Kama umeamka na kichwa kinauma na wenzako ndani wamelegea wote, fungua mlango, watoe nje kwenye hewa, wapelekeni kliniki haraka.

Si kila kitu ni gesi. Kuna jinamizi: unaamka, akili iko macho, mwili bado umelala, huwezi kuinua mkono, na unahisi kitu kimekukalia. Linatokea kwa watu wengi duniani, hasa waliochoka na wasiolala vizuri. Nani hapa analala vizuri? Zanzibar, mwaka 1995, watu wa Pemba na Unguja walikesha nje kwa kuogopa popobawa, na wengi walieleza kitu kinachofanana sana na jinamizi. Hata kule, katika hofu ile, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa kwa kudhaniwa ndiye popobawa.

Na kuna mataa ya ziwani. Mtu mgeni akifika Nchelenge usiku anaona mataa yanatembea juu ya maji, yanakusanyika, yanaachana. Kama hajui, atasema ni roho za waliozama. Ni wavuvi wa chisense. Tena unaweza kupima mwenyewe: taa inavuta samaki vizuri usiku wa giza, kwa hiyo mataa yawe mengi mwezi usipokuwepo na yapungue mwezi ukiwa mkubwa. Nenda ukahesabu. Roho zingefuata kalenda ya wavuvi kwa nini?

TULIVYOFANYA SISI

Kulikuwa na nyumba moja iliyobaki tupu baada ya wenyewe kuondoka. Watu walianza kusema usiku kuna mtu anatembea juu ya paa na mtoto analia. Wengine wakaanza kutaja jina la bibi mmoja anayeishi karibu. Tulipoona jina la mtu limeingia, tukasema hapana, hapa tuangalie kwanza.

Kabla ya kwenda tuliwauliza watu tisa, kila mmoja peke yake. Saba walikuwa wamesikia kwa wengine. Wawili tu walisikia kwa masikio yao, na wote wawili walisema ni usiku wenye upepo. Hilo peke yake lilitupa njia. Tulikaa usiku wa kwanza watu wanne, na daftari na saa. Upepo ulipokuja, bashi iliyochanika ilipiga mbao, pa, pa, pa, kama hatua. Usiku wa pili tuliifunga kwa kamba. Upepo ulikuja, hatua hazikuja. Usiku wa tatu tuliifungua, zikarudi.

Kilio tulikisikia mara moja, usiku huo wa tatu, kutoka upande wa miti. Mmoja alisema bundi, mwingine alisema paka. Hatukukiona. Kwenye daftari tuliandika: "Kilio, saa nane usiku, hatukuona ni nini." Hatukuandika bundi, hatukuandika mzimu. Kutokujua kitu kimoja hakukupi ruhusa ya kumtaja bibi wa watu. Kesho yake tulienda kumsalimia yule bibi, tukakaa naye mbele ya macho ya watu wote. Maneno yalipungua.

MASWALI YA KUBEBA

Ukisikia habari ya namna hii, uliza kwa heshima:

1. Nani aliona kwa macho yake? Nipeleke kwake.
2. Lini, saa ngapi, wapi hasa? Habari isiyo na siku wala mahali bado haijafika.
3. Aliona nini, na alidhani nini? "Niliona taa" ni jambo moja. "Niliona banyama" ni jambo lingine.
4. Ni kitu gani kingine kinaweza kuleta alama hiyo hiyo? Upepo, moshi, homa, mwizi wa kawaida?
5. Kama tumekosea, nani ataumia?

Mtu akiwa amepotea kweli au ameumizwa kweli, hilo ni jambo la polisi na viongozi wa blok siku hiyo hiyo, na jina lake na picha yake. Kutaka ushahidi ndiyo njia ya kumpata aliyefanya. Umati ukimchoma mtu asiyehusika, muuaji mwenyewe anakwenda kulala kwa amani.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, tunawaheshimu, tunawaambia kama ndugu. Mkisikia uvumi, msiseme tu "ni imani potofu" mkapanda gari. Kumbukeni sindano za Luapula. Mnapotoboa kidole cha mtoto kupima malaria, mwambieni mama tone lile linaenda wapi, mwonyesheni kipimo, mwacheni aulize. Gari likilazimika kupita usiku, viongozi wajue mapema. Mnapoandika majina, semeni ni ya nini. Pale ambapo kazi inaelezwa, hadithi inakosa mahali pa kuketi.

Vijana, wazee wetu waliogopa kwa sababu hakuna aliyewaeleza na hawakuwa na wa kumuuliza. Sisi tunao midomo, tunayo madaftari. Usiku huu mtu akija mbio na kusema wamekamata mmoja wa banyama kule mbele, swali lenu la kwanza liwe lile lile: nani aliona? Ulizeni kwa sauti, na mkae katikati ya umati na yule mtu mpaka polisi wafike.

Mbaki na amani.